Bwana Afya na Vumbi la Kijiji Chetu

Watu wa kijiji chetu walimwogopa Bwana Afya kuliko chui, na chui tulikuwa naye. Chui alichukua mbuzi akaenda zake. Bwana Afya alikuja, akachungulia choo chako, akachungulia mtungi wako, akatazama kucha za watoto wako, kisha akakaa kwenye kigoda chako mwenyewe kukueleza alichokiona, majirani wakisikiliza.

Jina alikuwa nalo. Hatukulitumia. Mwenyekiti wa kijiji, mtu mzima kuliko yeye, alimwita Bwana Afya. Hata mke wake, nilimsikia kwa masikio yangu haya, alimwita Bwana Afya alipomwambia maji ya kuoga yako tayari. Basi na mimi nitamwita hivyo hivyo. Ukoo wake haukutuhusu. Kilichotuhusu ni siku atakayorudi.

Wakati huo tulikuwa tumehamishiwa barabarani. Mume wangu alikuwa Mha, na kwao kila mtu alikaa katikati ya migomba yake, jirani yuko ng'ambo ya bonde, ukitaka chumvi unapiga kelele na unasubiri. Mimi ni mtoto wa Bangwe, nimezaliwa pembeni ya maji, nimezoea watu. Nilipoolewa huko juu niliona nimezikwa nikiwa hai. Baadaye nikaizoea ile migomba. Kulikuwa na kivuli, kulikuwa na majani ya kufunikia chungu, na ardhi ilikuwa na unyevu hata katikati ya kiangazi. Halafu ikaja operesheni. Tuliambiwa tusogee barabarani, tuishi kijamaa, tupate shule, zahanati na bomba. Tukasogea. Malori yalitushusha kwenye barabara ya Kasulu, mbele kidogo ya Kidahwe, mahali katapila lilipokuwa limeshapita na kung'oa kila kitu chenye mizizi. Nyumba zikapangwa mistari miwili kama meno. Shule tulipata. Zahanati tulipata. Bomba nalo tulipata, ila lilikuja bila maji.

Ndipo akaja yeye, juu ya baiskeli.

Alikuwa mwembamba, mrefu, kaptula ya kaki imepigwa pasi mpaka inaweza kukata nyanya, soksi zimevutwa hadi magotini. Mkononi alibeba fimbo ya kupimia kina cha vyoo, na kwa sababu hiyo hakuna aliyetaka kuguswa nayo. Kengele ya baiskeli aliipiga tangu mbali, huko kilimani. Mwenyekiti alimwuliza mara moja kwa nini anatutangazia, maana sisi tukisikia tu ile kengele tunafunika mitungi, tunawaosha watoto na kuficha kuku. Akajibu, "Anayekuja kimya ni mwizi. Mimi ni mtumishi wa serikali." Nilimheshimu kwa neno hilo. Baadaye nitawaambia alivyolivunja.

Mkono hakukupa. Alikupa kiwiko. Akifika kwa mama mkwe wangu, bibi kizee wa Kiha asiyejua mambo ya viwiko, mama mkwe alikuwa anasema "Mwakeye", salamu ya Kiha ya asubuhi, anakishika kile kiwiko kwa mikono miwili na kukitingisha kwa heshima, na Bwana Afya anasimama hivyo hivyo kama kuku aliyeshikwa bawa mpaka bibi atosheke.

Mfukoni alikuwa na kitambaa cheupe. Alikipitisha kwenye mdomo wa mtungi, kwenye kizingiti cha dirisha, kwenye masikio ya mtoto, halafu anakitazama kimya. Kule kutazama ndiko kulikouma. Angepiga kelele ingekuwa nafuu.

Usemi wake mkubwa ulikuwa, "Mimi sisemi mara mbili." Aliusema mara nyingi sana.

Adhabu yake ilikuwa moja, shimo. Umekutwa na choo kichafu, unachimba shimo la taka zahanati. Umekutwa na mtungi wazi, shimo. Umejibu vibaya, shimo. Ukapita mwaka zahanati ina mashimo mengi kuliko taka, na mganga wa zahanati akaomba tafadhali watu waache kukosea, maana wagonjwa wanatumbukia.

Sasa msidhani alikuwa malaika. Alituhubiria kuziba pua na mdomo tukikohoa, kisha anatoa kikopo cha ugoro, anavuta kwa tundu hili, anavuta kwa lile, na kupiga chafya mpaka mbuzi wanakata kamba. Ukimtazama anasema, "Hii ni dawa." Vivyo hivyo kwenye dagaa. Kule kwetu Bangwe, na mwalo wote ule wa wavuvi, wanawake walianika dagaa juu ya mchanga, na ukila lazima meno yalie. Bwana Afya alipiga vita jambo hilo wiki hadi wiki: dagaa waanikwe juu ya vichanja, mchanga una kinyesi cha mbwa, una hiki, una kile. Mama yangu mzazi, aliyekuwa akianika huko, aliniambia kwamba Jumamosi Bwana Afya huyo huyo anakuja amevaa kanzu na barakashia ili asijulikane, anachagua dagaa wa mchangani kwa sababu ni watamu zaidi. Wote walimjua. Walimwuzia na kumwita "Sheikh".

Na alipenda mistari. Hili nalitia mkazo. Akiingia kwako, kabla ya kukutukana, alipanga vyungu vyako kwa ukubwa. Shuleni aliwapanga watoto kwa urefu kabla ya kuwatazama macho, na kama wawili wamelingana alikuwa anasumbuka kweli. Mara moja nilimwona barabarani anajaribu kupanga ng'ombe.

Amri ilisomwa mkutanoni, mwaka wetu wa kwanza pale barabarani. Alisimama juu ya kreti la bia lililopinduliwa.

"Amri imetoka wilayani," akasema. "Kila nyumba, mbele mpaka barabarani, nyuma mpaka shambani, sitaki kuona jani. Jani likibaki, nyoka amebaki. Jani likibaki, mbu amebaki. Nataka nikisimama huku mwanzo wa kijiji nione mpaka mwisho, ardhi tupu, safi. Mimi sisemi mara mbili. Sitaki kuona jani."

Wanaume walinung'unika kwa ajili ya jembe. Wanawake hatukunung'unika. Lazima mwelewe jambo hili, nyinyi mnaomwaga saruji. Kwetu mwanamke alipimwa kwa ufagio. Kabla ya moto, kabla ya salamu, unainama na ufagio wako wa chelewa unafagia uwanja kuanzia mlangoni kurudi nyuma, na ule mchoro wa ufagio unabaki ardhini kama umesuka. Mama mkwe alikuwa anatoka na kuutazama mchoro kabla hajaniitikia shikamoo. Uwanja wenye majani ni mahame, mwenyewe amekufa au amehama. Kwa hiyo serikali ilipotuambia tufanye kile tulichokuwa tunashindania siku zote, tuliona serikali ina akili.

Tulifagia. Tulifagia asubuhi, na wengine wakaongeza jioni. Bwana Afya akaleta mashindano: kibendera cheupe kilichokatwa kwenye bendeji ya zahanati, kinachomekwa kwenye paa la nyumba yenye uwanja bora. Kilikaa kwangu miezi mingi kuliko kwa mtu yeyote, na aliye hai na abishe. Ufagio ulikuwa unachuna udongo kila siku kidogo kidogo, mpaka misingi ya nyumba ikaanza kutokeza kama fizi za mzee. Hatukujali. Bwana Afya alikuwa anasimama mwanzo wa kijiji na kutazama mpaka mwisho, ardhi tupu, nyekundu, michoro ya mafagio pande zote. Mara mbili nilimwona ametabasamu.

Kiangazi kikaingia.

Upepo wa kiangazi kule si mpya, hata kwenye migomba ulikuwepo. Lakini kwenye migomba ulikuta majani, ukapiga kelele ukapita. Hapa ulikuta kijiji kizima kimemenywa. Ulishuka kutoka vilimani mchana, ukalinyanyua lile eneo kama mtu anayekung'uta mkeka. Kwanza visulisuli vidogo, watoto wanavikimbiza wanacheka. Halafu siku moja vikaungana, ukuta mwekundu ukasimama shambani, ukaja. Jua likawa kama kiini cha yai. Ulikuwa huoni mkono wako. Kuku waliingia ndani bila kufukuzwa. Ulipopita, ugali ulikuwa mwekundu, maji mekundu, watoto wamebaki macho na meno.

Na haukuja siku hiyo tu. Ulikuja wiki baada ya wiki. Shuleni mwalimu hakusikika kwa kikohozi. Watoto waliamka macho yamegandana kwa tongotongo, tunayafungua kwa maji ya vuguvugu. Mganga wa zahanati akaishiwa dawa ya macho, akaishiwa dawa ya kikohozi, mwisho akawa anagawa ushauri. Wazee walisema ni mizimu, tumeyaacha makaburi kwenye migomba, sasa wamekuja kututafuta. Bwana Afya akawauliza, "Mzimu gani unaokuja kiangazi tu?" Mzee mmoja akamjibu kwamba masika mizimu inalima. Bwana Afya akalaumu malori. Akalaumu nzi. Akaagiza tufagie zaidi, ili vumbi liishe.

Mimi nilikuwa na binti mdogo, Tausi, anayeanza kusema. Kwenye migomba alitambaa na kula udongo na hakuwahi hata mafua. Kiangazi kile kifua kilimshika. Si kikohozi cha kawaida. Upepo ukipita tu, mbavu zinaingia ndani kila akivuta hewa, midomo inabadilika rangi, na kifua kinalia kama paka aliyefungiwa kabatini. Nilipanda naye lori mpaka hospitali ya mjini. Wakamtibu, wakaniambia ni pumu, nimweke mbali na vumbi. Nikauliza mbali wapi. Muuguzi akasema, "Mbali tu, mama."

Kutoka hospitali nikapita Bangwe kwa mama yangu, nikakaa huko kwa muda. Mtoto akapumua. Akacheza mchana kutwa na hakuna mlio kifuani. Nikarudi naye kijijini, siku ya pili upepo, mbavu zikaingia ndani tena. Nikambeba tena mpaka hospitali, na safari hii walinitazama kwa namna ya watu wasiotaka kunidanganya. Nikapita tena Bangwe, akapumua tena. Sikuhitaji cheti kulielewa hilo. Nilikaa kizingitini kwa mama yangu nikatazama mbele ya nyumba: ukoka. Ukoka mfupi, mnene, mbaya, umeshika ardhi mpaka majini. Mama hakuwahi kufagia ng'ambo ya mlango. Alikuwa mvivu wa hilo tangu zamani na sisi watoto tulimwonea aibu.

Nikajaza ukoka kwenye gunia, na mizizi yake, nikalilowesha, nikapanda nalo lori.

Mama mkwe aliponiona napanda majani kuzunguka nyumba ya mwanawe, aliketi chini. "Umeniulia mtoto?" akaniuliza. "Yuko shambani, mama." "Basi mbona unamwombea kifo?" Akahamia kwa binti yake, mstari wa pili, na kila asubuhi alikuwa anakuja kusimama barabarani kuutazama uwanja wangu na kuondoka bila salamu. Kibendera kiling'olewa siku hiyo hiyo. Wanawake niliokuwa nawashinda walipita kwangu wakiwa hawana safari.

"Mama Tausi, hujambo? Tuliambiwa umehama."

"Niko."

"Aa. Tukaona majani."

Nilimwagia ule ukoka maji niliyooshea vyombo, maji ya kuogeshea mtoto, maji yote ambayo hayakunywewa. Ulikuwa umeshika vizuri niliposikia kengele.

Bwana Afya alishuka, akaegemeza baiskeli, akasimama ukingoni mwa majani kama mtu aliyefika mtoni na hajui kuogelea.

"Mama Tausi, hiki ni nini?"

"Majani."

"Naona ni majani. Yanafanya nini hapa?"

"Yanakaa."

"Wewe ndiye uliyekuwa na kibendera."

"Ndiyo."

"Shimo," akasema. "Kina cha kichwa changu. Na haya yang'olewe leo, nikiwa nakuona."

"Shimo nitachimba," nikamwambia. "Haya sing'oi. Ukitaka ng'oa mwenyewe, hiyo soksi ichafuke."

Alivuta pumzi anijibu, na upepo ukaja. Nilimwona Bwana Afya akikimbia, kitu ambacho kijijini hakuna mwingine aliyewahi kukiona. Tuliingia ndani, nikafunga mlango, nikaziba chini kwa gunia. Nyumba yangu ilikuwa ya mwisho, kule upepo unakoelekea, na ukoka wangu haukuweza kuzuia uwanja wa kijiji kizima. Vumbi liliingia kwenye nyasi za paa, kwenye matundu ya ukuta, likashuka taratibu kama unga. Tausi alikuwa mkekani. Akaanza.

Bwana Afya hakuwahi kuiona pumu ile. Alikuwa amesikia kwamba kuna watoto wanakohoa, aliliandika na kulipeleka wilayani, lakini kuiona hakuwahi. Alisimama katikati ya nyumba, fimbo mkononi. Mtoto alikuwa ananyoosha shingo kama anataka kutoka ndani ya ngozi yake. Mimi nilimkalisha, nikamwegemeza kifuani kwangu, nikawa namwambia pumua, pumua mama, pumua. Sikuwa na kingine.

Yule mtu wa viwiko akapiga magoti. Akatoa kile kitambaa chake, akakiloweka mtungini. Akasimama kidogo, akaniuliza, "Maji yamechemshwa?"

"Yamechemshwa!"

Ndipo akakikamua na kukifunika juu ya pua na mdomo wa mtoto, akakishika kwa ncha za vidole. Kikawa chekundu. Akakiosha, akakirudisha. Tulikaa hivyo muda wote wa upepo na muda mrefu baadaye, mimi nashika mtoto, yeye anashika kitambaa, mpaka mbavu zikaanza kutulia na Tausi akalala kwa kuchoka. Bwana Afya magoti yalikuwa yamekufa ganzi, ilibidi ashike ukuta kuinuka.

Nilipofungua mlango, kule nyuma ya kimbunga bado kulikuwa na upepo mdogo. Viwanja vya majirani vilikuwa vinafuka, kila kimoja, kama vyungu. Changu kilikuwa chekundu juu ya majani, lakini kimelala. Alikitazama. Alitazama cha jirani. Akarudi kutazama changu. Akapanda baiskeli.

"Shimo chimba," akasema. "Majani yaache."

Nilichimba.

Mkutano uliofuata alipanda kreti lile lile. Nilidhani atasema amekosea. Sikumjua vizuri.

"Amri ya kwanza ilikuwa sahihi," akasema. "Leo naleta ya pili, ambayo ni sahihi zaidi. Kila nyumba ipande ukoka. Sitaki kuona ardhi tupu."

Yule mzee wa mizimu akanyoosha mkono. "Bwana Afya, na nyoka?"

"Nyoka fimbo ipo."

"Na mbu?"

"Mbu tutapambana naye kwenye madimbwi, ndiko anakozaliwa."

"Ulisema anazaliwa kwenye majani."

"Nilisema sisemi mara mbili," Bwana Afya akajibu, na mkutano ukafungwa.

Basi ndipo ilipoanza vita. Wanaume walipanda ukoka kwa sababu kupanda ni rahisi kuliko kubishana. Wanawake waliufagia mpaka ukafa. Mama mkwe wangu ndiye alikuwa jemadari. Aliwaambia wenzake kwamba ameishi chini ya Wajerumani, chini ya Waingereza, na hakuna aliyewahi kumkataza usafi. Walifagia alfajiri, na kengele ikilia kilimani, mafagio yanaingia uvunguni, wanawake wanasimama milangoni wanapiga miayo.

Hapo ndipo Bwana Afya alipoivunja ile kauli yake ya mwizi na mtumishi wa serikali. Aliivika kengele kitambaa. Alikuja alfajiri, kimya, miguu miwili chini ili hata mnyororo usilie. Alimkamata mama mmoja aliyeficha ufagio nyuma, ndani ya kanga, ukawa umetokeza chini kama mkia. "Geuka," akamwambia. "Sigeuki, nina heshima zangu." Walisimama hivyo mpaka jua likatoka. Mafagio aliyoyanyang'anya yalijaa stoo ya zahanati, na wilaya ilipokuja kukagua ilimsifu kwa maandalizi mazuri ya usafi.

Aliyemaliza vita ni mama mkwe, baada ya kumfuata yeye mwenyewe zahanati na kumwuliza, mbele za watu, mwanamke atajulikana vipi kwamba ameamka. Bwana Afya aliliwaza jambo hilo kwa siku kadhaa. Akarudi na fimbo, akachora mbele ya kila mlango duara la ukubwa wa mkeka. Ndani ya duara, fagia, ila nyunyiza maji kwanza. Nje ya duara, ukoka. Mama mkwe akakubali. Alirudi nyumbani kwangu, akanyunyiza, akafagia duara lake kwa bidii ya uwanja mzima, mpaka likawa bakuli, na masika bata waliogelea humo.

Msiniulize kwake kulikuwaje. Nilipita mara moja, Ujiji, nimempelekea mawese. Mke wake alikuwa anafagia uwanja wa mchanga mkubwa kama wa mpira, hakuna jani hata la dawa. Bwana Afya amekaa kwenye kiti, ameinua miguu juu ufagio upite.

"Mama," nikamwambia mke wake, "si anakataza huyu?"

"Anakataza huko kwenu," akasema. "Hapa ni kwangu."

Bwana Afya aliangalia pembeni, akatoa kikopo cha ugoro.

Tausi hakupona siku moja. Ukoka ulichukua masika mawili kushika kijiji. Halafu Bwana Afya akaleta miche ya michikichi, tukaipanda upande wa upepo, kwa mistari bila shaka, alileta kamba yake mwenyewe. Kila kiangazi kilipokuja ukuta ule mwekundu ulikuja mfupi zaidi, mpaka ukawa kitu cha kukohoa tu, si cha kufa. Watoto wawili wa mstari wa pili hawakuiona nafuu hiyo. Walikwenda katika kiangazi cha kwanza, mmoja baada ya mwingine, kwa kifua. Bwana Afya aliwazika pamoja nasi, akashika jembe, na hakutazama kitambaa chochote. Kila alipokuja kwangu baada ya hapo, kabla ya choo, kabla ya mtungi, alikuwa anauliza, "Yule anapumuaje?" Jina la mtoto alilijua. Hakulitumia.

Alistaafu, tukapata mwingine, kijana mwenye pikipiki, hakujua hata kuchungulia. Miaka ikapita. Tausi akaolewa Mwandiga, akazaa. Siku moja tulikuwa na msiba Ujiji, mimi na yeye, na tulipotoka nikasema tupite kwa Bwana Afya kama bado yupo.

Alikuwepo. Amekaa kitandani nje ya mlango, mke ameshatangulia mbele ya haki, uwanja umejiotea majani yenyewe. Macho yalikuwa yamezibwa na mtoto wa jicho, na masikio nayo yalisikia ukipiga kelele tu. Soksi hana, ila viatu vyake vilikuwa vimepangwa chini ya kitanda, vimelingana.

"Shikamoo, Bwana Afya! Ni Mama Tausi!"

"Marahaba," akasema. Kisha hapo hapo, "Yule anapumuaje?"

"Muulize mwenyewe, ndiye huyu!"

Tausi akamwamkia. Akamwita babu, akaketi pembeni yake. Mzee alimpapasa bega, akashuka mgongoni, akaweka kiganja chote kati ya mabega. Kiganja, si kiwiko. Kwa kuwa hakusikia, alisikiliza kwa mkono.

"Pumua."

Tausi akapumua.

"Bado iko."

"Kiangazi tu, babu," Tausi akapaza sauti. "Siku nyingine niko mzima."

Mkono haukuondoka mgongoni. Nilidhani amesinzia.

"Mama Tausi. Ile amri ya kwanza haikutoka wilayani."

Miaka yote hiyo nilikuwa nimeilaumu wilaya. Nilikuwa nimelilaumu katapila, na operesheni, na aliyeileta operesheni. "Ilitoka wapi?" nikamwuliza.

"Wilayani walisema tufyeke majani marefu yaliyo karibu na nyumba. Marefu. Hayo mengine niliongeza."

"Kwa sababu gani?"

Alifikiri, na najua hakuwa anatafuta uongo, kwa sababu uongo angeupata haraka.

"Kulipendeza," akasema.

Nilifungua kinywa nimpe maneno yake. Nilikuwa nayo, mengi, na wale watoto wawili walikuwa ndani ya maneno hayo. Lakini nilikiona kile kijiji asubuhi, mwanzo mpaka mwisho, chekundu, michoro ya mafagio imelala bila unyayo hata mmoja, na changu ndicho bora.

"Kulipendeza," nikasema.

Tausi aligeuza shingo. "Yaani mimi nilikosa pumzi kwa sababu kulipendeza?" Hakupaza sauti, lakini mzee alilisikia, labda kwa mkono.

"Ndiyo," Bwana Afya akasema. "Pumua tena."

Tausi hakumtazama yeye. Alinitazama mimi, kwa muda mrefu. Kisha akapumua.